Brashi ya Kukodi

Nyumba aliyokuwa akiishi Rais Juvénal Habyarimana pale Kanombe, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, siku hizi ni makumbusho ya sanaa. Mabaki ya ndege yake, iliyotunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, bado yapo kandokando ya ukuta wa bustani. Ndani, tangu 2018, kumetundikwa kazi za wachoraji na wachongaji wa kisasa wa Rwanda, mkusanyiko uliohamishiwa hapo kutoka Rwesero, wilayani Nyanza. Ni mahali pazito kwenda kutazama picha, na sitamlaumu mgeni atakayeondoka akiizungumzia ndege kuliko rangi.

Sanaa nyingine ya Kanombe haina tiketi wala mlinzi. Imo kwenye simu na laptopu za watu wa Kabeza, Busanza na Rubirizi: mhasibu anayechora katuni usiku, muuguzi anayebuni kadi za harusi za ndugu zake, mwanafunzi anayetengeneza jalada la wimbo wa rafiki. Hawaishi kwa kuchora, na wengine wala hawataki kuishi kwa kuchora. Swali lao ni lile linaloulizwa Dar es Salaam, Goma na Mombasa: nitumie programu ya bure, au nijikaze nilipie?

Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa bei. Bei ni jambo la kweli, na nitaifikia. Ila kwa mtu wa ridhaa yapo mawili yanayoitangulia: kazi yako itaishia wapi, kwenye kioo cha simu au kwenye karatasi na kitambaa? Na ukiacha kuchora kwa miezi minne kwa sababu ya mitihani, mtoto mchanga au uchovu tu, utazikuta kazi zako zinafunguka?

Tuchukue kazi moja na tuifuate mpaka mwisho. Tuseme mtu wa Kanombe anataka kuchora fulana yenye imigongo. Sanaa hii ya mashariki mwa Rwanda, ambayo simulizi zinaihusisha na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Matuta hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao, yakikauka yanasuguliwa, kisha yanapakwa rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo. Baada ya 1994 ni wanawake wa huko Kirehe walioifufua, na leo unaikuta kwenye kuta za hoteli na mikahawa ya Kigali. Maumbo yake ni pembe, miraba iliyolazwa, misumeno na mizunguko, yakijirudia bila kuchoka.

Kujirudia huko ndiko kunakoamua programu. Ukichora imigongo kwa programu ya kupaka rangi, yaani ya pikseli, utanakili umbo moja mara mia, na ukigundua pembe ya kwanza imekaa vibaya utairudia mara mia. Kazi hii inataka programu ya vekta, ambamo mstari ni hesabu: unaukuza hadi ukubwa wa ukuta na hauchakai. Ya kulipia inayojulikana ni Illustrator ya Adobe. Ya bure ni Inkscape, iliyozaliwa 2003 pale kikundi cha waandishi wa programu kilipojitenga na mradi ulioitwa Sodipodi.

Ndani ya Inkscape kuna amri ya kupanga nakala kama vigae. Ukiifungua, inakuuliza aina ya ulinganifu: kusogeza tu, kuzungusha nusu, kuzungusha robo, kuakisi, kuakisi huku ukisogeza, na kadhalika. Machaguo ni 17, wala idadi hiyo si ya kubahatisha. Mrusi Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba ruwaza inayojirudia juu ya uso bapa ina njia 17 tu za kujipanga. Unachora pembe moja, unachagua njia, ubao unajaa. Kisha jambo tamu zaidi: nakala zote zinamtii mzazi wao. Ukiivuta ncha ya ile pembe ya kwanza, zote zinavutika pamoja nayo, na unaona jinsi badiliko dogo linavyogeuza ubao mzima.

Illustrator nayo ina zana ya ruwaza tangu toleo la CS6 la 2012, na ni nzuri, yenye mpangilio wa gridi, wa matofali na wa pembe sita. Baadaye imeongezewa kurudia kwa kuakisi na kwa mduara. Kwa jumla ni programu iliyokomaa kuliko Inkscape, na haikwami ukiijaza vitu vingi kama ile ya bure inavyokwama. Lakini kwa kazi hii, imigongo juu ya fulana, sioni mtu wa ridhaa anapungukiwa nini akishika Inkscape. Faili la kuisakinisha lina ukubwa wa takribani MB 100, bando la siku moja linatosha, na laptopu kuukuu inaibeba.

Kwenye picha zenye vivuli na kupaka mkono, hesabu inabadilika. Hapo watu hutaja GIMP kama Photoshop ya bure, na sifa hiyo imeiumiza zaidi kuliko kuisaidia. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ikatolewa kwa umma 1996. Mwaka huohuo Photoshop ilipata matabaka ya marekebisho, ambayo hukuwezesha kubadili mwanga au rangi ya picha bila kuigusa picha yenyewe. GIMP ilifika mahali kama hapo Machi 2025, toleo la 3.0 lilipotoka baada ya karibu miaka saba ya kungojwa tangu 2.10. Miaka 29! Mpiga picha wa harusi anayesahihisha mamia ya picha kila Jumatatu ana haki ya kutosubiri.

Ila mchoraji si mpiga picha. Kwa kuchora, ningempa kijana wa Busanza programu ya Krita kabla ya GIMP, na kwa kweli hata kabla ya Photoshop. Ilianza 1999 na kwa miaka mingi ilikuwa ikitangatanga bila kujua inataka kuwa nini, mpaka watunzaji wake walipoamua kwamba ni programu ya wachoraji, basi. Brashi zake ni nyingi, na ina hali ambayo karatasi inajizungusha: mstari ukitokea kulia unaingia kushoto, hivyo ruwaza ya kitenge inajiunga yenyewe unapochora. Mfaransa David Revoy amekuwa akichora kwa Krita katuni yake ndefu, Pepper&Carrot, tangu 2014, na anaitoa bure pamoja na mafaili yake ya kazi. Mtu yeyote anaweza kuyafungua aone tabaka kwa tabaka alivyofanya, na kwangu hilo lina faida kuliko video nyingi za kufundishia.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Krita hiyohiyo inauzwa kwenye duka la Steam na la Microsoft. Ukiichukua kwenye tovuti yao hulipi kitu. Ukiinunua dukani, fedha zinawalipa waandishi. Mtu analipia akiwa na uwezo na akiwa na moyo.

Sasa bei. Photoshop peke yake, kwa mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi, imekuwa ikiuzwa dola 22.99 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 275.88, ambazo kwa kiwango cha faranga 1,450 kwa dola zinakaribia faranga 400,000. Bamba la kuchorea lenye kalamu, lile dogo lisilo na kioo, linapatikana kwa chini ya dola 60, na hilo hulinunui tena mwaka unaofuata. Kuna kikwazo kingine ambacho wenzetu wa Ulaya hawakifikirii: malipo haya hutaka kadi ya benki, na watu wengi wa Kigali fedha zao zimo kwenye MoMo ya simu.

Mpaka 2013 Photoshop ilikuwa ikinunuliwa. Ulilipa fedha nyingi mara moja, ukaondoka na chako, ukakitumia miaka kumi ukitaka. Mwezi Mei mwaka huo Adobe ilitangaza kwamba CS6 ndiyo ya mwisho kuuzwa hivyo. Kuanzia hapo ni kukodi. Kwa ofisi ya matangazo yenye wateja kila siku, kukodi kuna mantiki. Kwa mtu wa ridhaa ni mkataba mbaya, na sababu iko kwenye tabia ya ridhaa yenyewe: inakuja kwa mafuriko na kukauka. Unachora usiku mzima kwa wiki tatu, kisha miezi miwili hugusi kalamu. Kodi haijui hayo. Na ukisema basi, niache, yale masharti ya mkataba wa mwaka yanakutoza nusu ya miezi iliyobaki, jambo ambalo Tume ya Biashara ya Marekani ililifungulia mashtaka Juni 2024 ikidai wateja walikuwa wakifichwa.

Kuna la kutisha zaidi ya fedha. Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia wateja wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zote zitafungwa, kwa sababu ya amri ya Rais wa Marekani dhidi ya serikali ya nchi hiyo. Wachoraji wa Caracas hawakuwa na ugomvi na mtu. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilipata kibali na kuwarejeshea huduma, lakini siku zile walijua ufunguo wa kazi zao uko mfukoni mwa nani. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2022, watu waliofungua mafaili ya zamani ya Photoshop yenye rangi za kampuni ya Pantone waliona sehemu hizo zimegeuka nyeusi: makubaliano ya Adobe na kampuni hiyo yalikuwa yamebadilika, na rangi zile zilitaka malipo yake mbali. Sisi wa ukanda huu, tunaosikia vikwazo vikitangazwa dhidi ya huyu na yule kila mwaka, hatuna sababu ya kuviona visa hivi kama vya mbali.

Ndiyo maana sizihesabu programu zote zisizolipiwa kuwa kitu kimoja. Kuna ile ambayo leseni yake inasema msimbo wake ni wa umma, na hata watunzaji wake wakigombana au wakifa, wengine wataokota na kuendelea. Inkscape, GIMP, Krita na Blender, ile ya katuni za 3D, ziko hapo. Blender imelithibitisha hilo kwa jasho. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilifilisika 2002, na mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, aliuomba ulimwengu euro 100,000 za kuikomboa. Zilipatikana kwa wiki saba, na Oktoba 13 mwaka huohuo ikawekwa wazi. Machi 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. (Msikimbilie kuipakua kwenye laptopu ya zamani ya ofisini, matoleo mapya yatakataa kufunguka.)

Halafu kuna ya bure kwa hisani ya mwenye nayo. Affinity ya Uingereza, iliyokuwa ikinunuliwa mara moja na kusifiwa kwa hilo, ilinunuliwa na Canva ya Australia Machi 2024, na Oktoba 30, 2025 ikafanywa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva, isipokuwa zana zake za akili mnemba. Ni programu safi sana, yenye vekta, picha na upangaji wa kurasa mahali pamoja. Ningeitumia? Ndiyo, bila kusita. Ningeweka humo kazi zangu zote bila kuhifadhi nakala za SVG, yaani faili la vekta, na PDF pembeni? Hapana. Aliyeifanya bure anaweza kuamka siku moja akaweka mlango.

Canva yenyewe ndiyo inayotawala simu za watu, na sina neno baya juu ya mtu anayetaka kadi ya kipaimara ifikapo saa kumi. Ila ajue mipaka. Violezo vyake ni vya kila mtu, ndiyo maana matangazo ya saluni za Kigali yanafanana na ya Kampala. Usitengenezee nembo humo ukidhani utaisajili, maana picha na violezo vya maktaba yao si vyako peke yako. Na toleo la bure halikupi faili la SVG; hilo ni la wanaolipa. Kwa kuchora kwa kidole kwenye simu, ibisPaint na Sketchbook zinatosha kuanzia. Mwenye iPad, hata kama ni ya mtumba, anunue Procreate kwa dola 12.99, mara moja tu, na asinisikilize tena. Kuna vitu vya kulipia vinavyostahili, na kile kinacholipiwa mara moja ndicho kinachomfaa mtu wa ridhaa.

Nimekwepa mpaka sasa ile Photoshop ambayo wengi wetu tuliijua kwanza: ile ya flashi, iliyokrakiwa, inayopita mkono kwa mkono pamoja na maelekezo ya kuzima antivairasi kabla ya kuisakinisha. Maelekezo hayo peke yake yangetosha kumwamsha mtu. Programu ya kukraki hubeba isichokuambia, haipati marekebisho, na Rwanda ina sheria ya hakimiliki, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya wanamuziki tu. Hata hivyo siwezi kuwahubiria watu ambao shule zimewafundisha Photoshop, matangazo ya kazi yakadai Photoshop, na mshahara wa mwezi ukawa haufiki kuilipia. Ninachoweza kusema ni kwamba flashi hiyohiyo inaweza kubeba Inkscape, Krita na fonti za leseni huria kutoka Kabeza hadi Remera, na kumpa kila jirani, kwa ruhusa kamili ya walioziandika.

Kizazi cha Wanyarwanda walio na miaka ishirini na kitu sasa kina historia na programu za aina hii. Kuanzia 2008 serikali iligawa shuleni laptopu ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, zaidi ya 200,000 kwa jumla, na mfumo wake wote ulikuwa wa programu huria. Mlikuwamo programu ya kupaka rangi, na mlikuwamo Turtle Art, ambamo mtoto anaelekeza kobe kwa amri, songa, geuka, rudia, na kobe anaacha nyuma yake mstari. Mradi ulikosolewa kwa mengi: walimu wasioandaliwa, mashine zilizofungiwa kabatini. Lakini mtoto aliyepata kumwamuru kobe arudie mara sita alikuwa tayari anafanya kitu cha ukoo wa imigongo.

Turudi kwenye fulana, maana sasa inakwenda kuchapwa, na hapa ndipo programu za bure zinapopata aibu zake za kweli. Unaingia dukani na PDF yako nzuri, fundi anauliza, "Kaka, huna ya Corel?" Maduka mengi ya kuchapa ya Afrika Mashariki, kuanzia Kariakoo hadi River Road, yamelelewa na CorelDRAW. PDF yenye vekta ataifungua. Mwombe aifungue mbele yako. Geuza maandishi yote kuwa maumbo kabla ya kutoka nyumbani, la sivyo mashine yake isiyo na fonti yako itaweka nyingine.

Kisha rangi, hasa mchoro huohuo ukiutaka na kwenye karatasi. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu za mwanga. Mashine ya kuchapa huchanganya samawati, zambarau-nyekundu, manjano na nyeusi za wino. Inkscape hufikiri kwa mwanga. Nyekundu ya imigongo, ile ya udongo, inavuka salama kwa kuwa haina ukali. Nyeusi ndiyo inayosumbua: nyeusi ya kioo ikitafsiriwa bila uangalifu inakuwa wino wote wanne kwa pamoja, na kwenye karatasi nyepesi inalowa, inachelewa kukauka, na ncha za pembe zako zinavimba. Imigongo nusu yake ni nyeusi. Krita inajua rangi za wino, na Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, inakuruhusu kuamuru nyeusi iwe wino mweusi pekee, kisha itoe PDF ya kiwanda. Ni hatua ya ziada inayokera, na Illustrator haikudai hatua hiyo. Kama kila wiki unapeleka kazi kiwandani, kero hiyo ina thamani ya fedha, na hapo kulipia si anasa tena.

Lugha nayo ni deni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, na mwaka uliofuata mafaili ya tafsiri ya Kinyarwanda yakatiwa kwenye GIMP na Inkscape. Hayakukamilishwa. Bado yamo, yanasubiri mtu wa ridhaa wa aina nyingine, anayependa maneno.

Na siku atakapokuja mteja wa kweli, anayetaka faili la PSD lenye matabaka yake kwa sababu mbunifu wake wa Nairobi anatumia Photoshop, usigombane naye. Kodi kwa mkataba wa mwezi mmoja usiokufunga mwaka. Ni ghali zaidi kwa mwezi, lakini unaachika bila faini. Iweke gharama hiyo kwenye ankara, kwenye mstari wake, mteja aione. Na kabla mwezi haujaisha, fungua kila ulichotengeneza humo, ukihifadhi tena kwa PNG na PDF kwenye diski yako.